Chinchero: kabla hujasema "punguza"

"Kata nusu ya bei, hao wamezoea watalii." Mwezi huu nimeisikia tena, kwa mgeni niliyempeleka Chinchero, mji mdogo wa wafumaji juu ya Bonde la Urubamba nchini Peru. Nimechoka nayo.

Kofia za nyuzi za plastiki, zilizofumwa kwa mashine na kujaa kila soko la Cusco, jiji la karibu, pataneni mpendavyo. Kitambaa cha mkono ni jambo jingine. Sufu huoshwa kwa povu la mzizi uitwao saqta, ikasokotwa kwa kijiti kinachoning'inia, kisha nyuzi mbili zikasokotwa pamoja ziwe moja. Rangi nyekundu hutoka kwa kochinili, wadudu wanaokaa kwenye mpungate. Ndimu kidogo tu, inaelekea rangi ya chungwa. Mtande, yaani nyuzi za urefu, hutandwa na watu wawili wanaopokezana donge la uzi. Ndipo mfumaji anapojifunga mkanda wa kitanda chake cha kufumia kiunoni, akivuta kwa mgongo na kuhesabu nyuzi kwa kichwa, bila mchoro mbele yake. Kitambaa cha meza huweza kumla wiki kadhaa. Gawa bei kwa siku hizo kwanza, ndipo ufungue mdomo.

Ukitilia shaka, omba uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Plastiki huyeyuka, ikaganda kama shanga.

Lebo ya "baby alpaca" nayo si manyoya ya mtoto wa alpaka, mnyama wa huko anayefugwa kwa sufu yake. Hilo ni daraja la wembamba wa unyoya, mikroni 22 hivi, na mnyama mzima anaweza kuutoa.

"Mimi nimeshapanda Kilimanjaro, Chinchero itanifanya nini?" Itakulaza na kichwa kinachogonga. Mji uko karibu mita 3,760, juu kidogo ya Horombo, kambi ya njiani Kilimanjaro. Horombo ulifika kwa miguu, siku ya pili; Cusco unashushwa na ndege kutoka Lima, pwani, kwa saa moja na ushei. Mazoea ya mwili hupotea ndani ya wiki chache, na ukakamavu wa mwanamichezo haukingi. Wageni wangu huwalaza Ollantaytambo kwanza, mita 2,800 hivi, usiku mbili, hata wakinung'unika.

Na msisubiri Jumapili kwa sababu ya gulio. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, wafumaji wakiwa na nafasi ya kuwaonyesha mikono yao inavyokwenda, na mbebe noti ndogondogo za sol.