Negro Ensemble Company: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wapo wanaoamini kuwa Negro Ensemble Company, kundi la maigizo la Wamarekani Weusi lililoanzishwa New York mwaka 1967, lilikuwa la kuwafungia Wazungu mlango. Basi huyo Gerald Krone alipitia wapi? Alikuwa Mzungu, na ndiye aliyeshika utawala tangu siku za mwanzo, akisaidiana na waanzilishi wenzake Weusi, Douglas Turner Ward na Robert Hooks. Fedha za kuanzia zilitoka Ford Foundation, taasisi ya Wazungu ya kutoa misaada. Hata tamthilia yao ya kwanza, Januari 1968, ilitungwa na Peter Weiss, Mjerumani aliyehamia Sweden. Ilihusu ukatili wa Wareno Angola na Msumbiji, na wakati huohuo Frelimo walikuwa wakiendesha vita vyao kutoka Dar es Salaam. Haikuwa historia, ilikuwa habari ya siku.

Lawama nzito zilitoka kwa Weusi wenyewe. Kwa nini mfadhili Mzungu, tena na mtunzi Mzungu wa kufungulia pazia? Kwa nini St. Mark's Playhouse, kusini mwa Manhattan, badala ya Harlem, mtaa wa Weusi kaskazini mwa Manhattan?

Suala la mtunzi Mzungu, Ward alikuwa amelijibu mapema. Katika makala yake ndani ya New York Times mwaka 1966 alidai ukumbi unaosimamiwa na Weusi, unaoweka maisha yao mbele, lakini wenye nafasi ya tamthilia nzuri kutoka kokote duniani. Ndiyo maana msimu huohuo wa kwanza walicheza pia kazi ya Wole Soyinka wa Nigeria. Suala la mahali, kwa maoni yangu, halikujibika vizuri hivyo. Ukitaka mtazamaji Mweusi awe wa kwanza kufikiriwa, umbali wa kutoka Harlem si jambo dogo.

Dhana nyingine inalifanya kundi hili ngazi tu ya kupandia Hollywood, kwa kuwa Denzel Washington na Samuel L. Jackson walicheza humo mwaka 1981 katika A Soldier's Play ya Charles Fuller. Mastaa hukumbukwa upesi. Lakini kundi lilitoa mafunzo bila malipo, na si kwa waigizaji peke yao: watunzi, waongozaji na mafundi wa jukwaa nao walifundishwa. Watunzi ndio walioliletea heshima kubwa. The River Niger ya Joseph A. Walker ilishinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, mwaka 1974, na Fuller akapata tuzo ya uandishi ya Pulitzer mwaka 1982.

Wala hawakuwa kundi la kwanza la maigizo la Weusi. Mwaka 1821 William Brown alianzisha African Grove Theatre humohumo New York, Weusi wakicheza Shakespeare, hadi polisi wakafikia kuwakamata waigizaji wake.

Na hadithi kwamba kundi lilishakufa? Ruzuku zilipungua na maonyesho yakawa machache, lakini bado lipo.