Je, wajua kwa nini flashi ileile huitwa sdb leo na sdc kesho?

Chomeka flashi kwenye kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux, iwe ni ya saiba ya Moi Avenue au ya fundi wa Luthuli, na mashine itaipa jina, tuseme /dev/sdb. Ichomoe ghafla, irudishe, na huenda ukaikuta inaitwa /dev/sdc. Flashi ni ileile. Jina ndilo limehama, na ili kuelewa kwa nini inabidi turudi kwenye Unix, mfumo ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutengeneza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani. Linux imerithi desturi zake.

Katika Unix karibu kila kifaa huonekana kama faili. Kwangu mimi huu ni kati ya uamuzi bora kabisa katika historia ya kompyuta. Diski, kibodi na printa zina faili zake ndani ya folda moja, /dev, na programu huzifungua, huzisoma na kuziandikia kwa njia ileile inayotumia kwa barua ya kawaida. Nenda kwenye kaunta ya duka lenye printa ndogo ya risiti iliyounganishwa kwa USB. Mara nyingi Linux huiita /dev/usb/lp0. Ukiwa na ruhusa, andika:

echo "Karibu tena" > /dev/usb/lp0

Printa inakwaruza kidogo, na maneno yanatoka kwenye karatasi. Amri ya echo haijui printa ni nini. Kazi yake ni kutoa maneno tu, na ingeyaandika vivyo hivyo kwenye faili lolote.

Lakini faili hizi za /dev hazihifadhi data. Zitazame kwa ls -l, amri inayoonyesha maelezo ya faili:

brw-rw---- 1 root disk 8, 16 May 4 10:12 /dev/sdb

Herufi b ya mwanzo inasema kifaa hiki husomwa kwa mafungu, kama diski zote. Kingekuwa kibodi ungeona c, yaani data hutiririka herufi kwa herufi. Kisha angalia pale ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa wake: pana namba mbili, 8 na 16. Hizo ndizo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inazozifuata. Ya kwanza inachagua draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, itakayokishughulikia, na ya pili inaiambia draiva hiyo ni kifaa kipi hasa kati ya vile inavyovisimamia. Ni kama matatu za Nairobi: ubavuni pamechorwa jina la kupendeza, lakini anayeenda Kawangware anatafuta 46.

Namba ya pili ina mpangilio wake. Kila diski ya aina hii hutengewa nafasi 16, kwa hiyo sda ni 0, sdb ni 16, sdc ni 32. Sehemu ya kwanza ya sdb, yaani sdb1, ni 17. Mwenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, anaweza kutumia amri ya mknod kuunda faili aliite /dev/mandazi, akalipa b, 8 na 16, na likamfungulia flashi ileile bila tatizo.

Na herufi je? Kerneli huzigawa kwa kadiri inavyogundua diski: ya kwanza a, ya pili b, kuendelea. Ukichomoa flashi wakati mfumo bado unaitumia, sdb huweza kubaki imeshikiliwa, nayo flashi ikirudi hupewa herufi inayofuata iliyo wazi. Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Anayeandika mfumo mpya kwenye flashi kwa amri ya dd akitumia jina la jana anaweza kufuta diski yenye picha za harusi za mteja, na dd haitamuuliza kama ana uhakika. Andika lsblk kwanza, amri inayoorodhesha diski, utazame ukubwa wa kila diski. Flashi ya GB 16 haifanani na diski ya GB 500.

Zamani /dev ilijaa maelfu ya faili za vifaa ambavyo mashine haikuwa navyo kabisa. Mwaka 2003 ilikuja programu ya udev. Kifaa kinapochomekwa, kerneli hutangaza, udev husoma maelezo yake, huweka ruhusa zinazofaa, kisha huongeza majina yasiyotegemea zamu. Ndani ya /dev/disk/by-id utakuta jina lenye aina ya flashi na namba yake ya kiwandani. Ndani ya /dev/disk/by-uuid utakuta kitambulisho kilichoandikwa kwenye flashi yenyewe wakati wa kuiformati. Kwa flashi nyingi zilizoformatiwa kwa mtindo wa FAT32 ni kifupi, mfano 4A1B-22F0. Kitumie hicho kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa kwenye mfumo, na mashine itaipata sehemu unayoitaka hata diski zikibadilishana herufi kila inapowashwa.