Chumba cha mtoto mchanga katika nyumba ya kupanga: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mpangaji anayesubiri mtoto huwa na hofu yake. Nyumba si yake, ukuta hathubutu kuugusa, chumba cha ziada hana. Mwanangu wa kwanza alizaliwa tukiwa wapangaji, na ushauri ulikuwa mwingi kuliko nguo zake. Sehemu kubwa haikuwa kweli, na baadhi ulikuwa wa hatari. Nayaweka hapa yale ninayoyasikia mpaka leo.

Dhana: Mtoto lazima awe na chumba chake mwenyewe

Hii ndiyo inayowatesa watu bure. Kuna wanaohamia nyumba kubwa wasiyoimudu kwa kuamini kwamba mtoto asiye na chumba chake amepunjwa. Ukweli ni kinyume. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, ila katika kitanda chake. Chumba kimoja, vitanda viwili. Ukaribu huo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na mama humsikia mtoto anapoanza kutafuta ziwa, kabla hajafikia kulia.

Kwa hiyo unachotafuta ni kona. Iwe mbali na dirisha, soketi, nyaya na rafu yenye vitu vinavyoweza kudondoka, na jua lisiipige moja kwa moja. Kabla hujaweka kitanda, lala pale chini dakika chache, mchana na usiku, utazame juu. Utaiona taa inayochoma macho, utahisi upepo unaopenya chini ya mlango, utasikia maji yanavyonguruma kwenye bomba la jirani. Mimi nilibadilisha kona mara mbili kwa sababu ya taa tu.

Dhana: Kitanda kizuri kimejaa vitu laini

Picha nyingi za vitanda vya watoto huonyesha mito, blanketi nene, midoli na vile vigodoro vya kuzungushia pembeni. Vinapendeza, lakini mtoto wa miezi michache hana nguvu wala akili ya kuondoa kitu kilichomziba pua. Anachohitaji ni godoro gumu na tambarare linaloenea kitandani bila kuacha mwanya, na shuka moja iliyobana. Basi. Kama kuna baridi, mvalishe nguo za kulalia zenye joto badala ya kumfunika blanketi. Vigodoro hivyo vya pembeni vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2022, pamoja na vitanda vya kumlaza mtoto kwa mwinamo.

Na alazwe chali, usiku na mchana. Wazee wengi huogopa kwamba akicheua atapaliwa, na hofu hiyo inatokana na upendo, kwa hiyo wajibu kwa upole. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula. Maziwa yakipanda, huelekea kurudi chini yalikotoka. Akilala kifudifudi, mpangilio huo unageuka. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Neno moja kuhusu kitanda cha kuazima, au kile alichokiacha mpangaji aliyetangulia. Pima mwanya kati ya fito za pembeni: usizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, achana nacho. Kile chenye ubavu wa kushusha na kupandisha usikichukue hata kwa bure, kwa kuwa ubavu ukichomoka mtoto hunasa kati yake na godoro.

Dhana: Rangi mpya ndiyo usafi

Rangi mbichi hutoa mvuke kwa siku nyingi hata harufu inapopungua. Kama ni lazima kupaka, paka wiki kadhaa kabla mtoto hajaja, madirisha yakiwa wazi, na mjamzito asiwe mpaka rangi wala mkwanguaji. Katika nyumba kuukuu kuna jambo zito zaidi: rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi. Ukiikwangua kwa msasa, vumbi lake linatua sakafuni, ambako mtoto atatambaa na kulamba vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Rangi inayobanduka ni kazi ya fundi anayejua hatari hiyo. Mwambie mwenye nyumba mapema.

Ukungu nao haufi kwa kupakwa rangi. Umeletwa na maji, kutoka paa linalovuja, bomba, au chumba kisichopitisha hewa. Usipoziba maji, ukungu utarudi.

Dhana: Mtoto anahitaji kimya na giza saa zote

Tumboni hakukuwa kimya. Kulikuwa na mapigo ya moyo, damu inayopita na sauti ya mama. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku bila kujua usiku wala mchana, na saa yake ya mwilini huanza kujipanga katika miezi 2 au 3. Inajipanga kwa mwanga. Mchana fungua pazia, ongea, pika. Usiku punguza taa na maneno. Redio ya jirani inayopenya ukuta mwembamba unaweza kuifunika kwa mvumo wa feni. Ukitumia kifaa cha kutoa mvumo, kiwe mita 2 kutoka kitandani na sauti isizidi desibeli 50.

Dhana: Mikono baridi ina maana chumba kina baridi

Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa baridi kwa kawaida. Gusa kifua au shingo kwa nyuma. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo, kwani joto kupita kiasi nalo linaongeza hatari usingizini. Na usiingize jiko la mkaa chumbani kamwe, hata dakika chache: gesi yake haina harufu wala rangi, nayo inaua.

Dhana: Mpangaji hawezi kutoboa ukuta

Anaweza, akiomba. Hapa sina uvumilivu na aibu yetu. Kabati la droo lisilofungwa ukutani humwangukia mtoto siku anapojaribu kulipanda, na siku hiyo haibishi hodi. Mwandikie mwenye nyumba: nataka matundu mawili nyuma ya kabati, nikihama nitayaziba kwa puti na kupaka rangi. Ombi la maandishi lenye ahadi hiyo ni gumu kulikataa. Akikataa, toa kabati refu chumbani, nguo zikae kwenye kikapu sakafuni. Kamba za mapazia zifunge juu asikozifikia, au ziondoe, na uzihifadhi mpaka siku ya kukabidhi funguo.