"Angejua Mwenyewe": Dhana Potofu Kuhusu Matarajio Yasiyosemwa

Wiki iliyopita, ndani ya siku mbili, wateja watatu wasiojuana waliketi kwenye kiti kilekile katika chumba changu cha unasihi hapa Mbeya, na kila mmoja akatamka maneno yaleyale: "Sikuona haja ya kumwambia, angejua mwenyewe." Wa kwanza alikuwa mke mwenye miaka 14 ya ndoa, wa pili msimamizi wa ghala la viazi, na wa tatu mzee aliyekosana na mdogo wake kwa sababu ya fedha za kumuuguza mama yao. Mnasihi hafundishwi kukunja uso mbele ya mteja, nami sikuukunja. Naukunja hapa.

Dhana: Anayenijali anajua ninachotaka bila kuambiwa

Wenye dhana hii hupenda kuitetea kwa methali kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali yenyewe haina kosa, ila inahusu jambo lililo mbele ya macho, kama mvua inayonyesha juu ya nguo zilizoanikwa au mtoto anayelia. Tarajio limo moyoni mwa mtu mmoja, na macho ya mwenzake hayafiki huko, hata kama wamelala kitanda kimoja kwa miaka 14.

Yule mke alitarajia kwamba Krismasi wangekwenda kwao Tukuyu, kwa kuwa mwaka uliotangulia walikuwa kwa wakwe zake. Nilipomuuliza alimwambiaje mumewe, alijibu kwamba mwezi Novemba alimweleza, tena zaidi ya mara moja, kuwa mama yake anasema migomba mwaka huu imezaa sana. Mume alisikia habari za ndizi. Fedha zote akazinunulia bati za nyumba wanayoijenga Isyesye, naye akakaa akingoja kushukuriwa, jambo ambalo pia hakulisema. Walipofika kwangu mwezi Machi kila mmoja alikuwa na orodha ndefu ya makosa ya mwenzake, na karibu yote yalikuwa ya kuvunja ahadi ambazo hakuna aliyewahi kuziweka.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Elizabeth Newton aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu aliwataka baadhi ya watu wagonge mezani kwa vidole mapigo ya wimbo unaofahamika sana, na wengine wakisie ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba wasikilizaji wangepatia nusu ya nyimbo. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga huusikia wimbo mzima kichwani mwake, maneno na ala zake zote, ilhali anayesikiliza husikia meza tu. Ndiyo maana mke anayeosha vyombo kwa kishindo anaamini kwamba kila sufuria inasema jambo linaloeleweka, wakati mume aliye sebuleni anasikia sufuria.

Wateja wengi hunijibu kwamba hao walikuwa wageni, na kwamba wanaoishi pamoja huelewana. Wanasaikolojia Kenneth Savitsky, Boaz Keysar na wenzao walilichunguza hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kwa kuwakalisha wanandoa wakiwa wamepeana migongo na kuwapa sentensi zenye maana zaidi ya moja. Wanandoa hawakuwaelewa wenzi wao vizuri kuliko walivyowaelewa wageni, ila walikuwa na hakika zaidi kwamba wameeleweka. Hapa kwetu sina haja ya kutafuta sentensi za maabara. Mtu akisema jioni ya mwezi Juni, "Leo baridi kweli," huenda anataka jiko la mkaa liwashwe, dirisha lifungwe, asogelewe, au anakumbusha ahadi ya koti, na anayesikia huchagua maana iliyo rahisi kwake.

Lugha yetu yenyewe imetupa mlango ambao hatuutumii. Tunajibu "nzuri" hata tukiwa na homa, na hilo ni adabu wala silikatai, lakini baada ya "nzuri" kuna neno "ila", na kila Mswahili anajua kwamba jambo lenyewe huanzia hapo: "Nzuri, ila mgongo unanisumbua." Wateja wangu wanajibu "nzuri" wakaishia hapo, kisha wanakasirika kwamba hawakuulizwa tena.

Ghalani tatizo lilikuwa hilohilo kwa sura nyingine. Msimamizi alimwagiza karani ampe hesabu ya magunia "mapema", akimaanisha kabla lori la Dar es Salaam halijaanza kupakiwa saa 12 asubuhi, na karani akaelewa kabla ya wiki kwisha. Barua ya onyo ilikuwa tayari imeandikwa. Katika chumba changu nimepiga marufuku maneno manne, nayo ni "mapema", "baadaye", "kidogo" na "vizuri", kwa sababu kila mtu huyajaza kwa kipimo chake. Wakulima wa viazi wa ukanda huu wameilalamikia lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, miaka nenda miaka rudi, na wanajua kuliko mimi kwamba "gunia" ni neno lisilo na kilo ndani yake mpaka kilo zitajwe.

Ninachowaagiza wote, na wengine hunicheka, ni kununua kauntabuku moja na kuandika ndani yake tarajio lenye nini, lini na kiasi gani: "Ningependa Krismasi hii twende Tukuyu tarehe 23, tukae siku nne, na nauli tuitenge kuanzia mwezi wa kumi." Mwenzako akishasoma, arudie kwa maneno yake alichoelewa. Tena awe na haki ya kukataa, maana hofu ya kukataliwa ndiyo inayowafanya watu wengi wazungumzie migomba.

Dhana: Kununa kunafikisha ujumbe

Kununa kunafikisha taarifa moja tu, kwamba umenuna. Sababu anaikisia mwingine, na mara nyingi anakisia vibaya. Vijembe vya kwenye status ya WhatsApp vina ubaya zaidi, kwani husomwa na watu 60 wasiohusika, na anayehusika hudhani anasemwa jirani.

Dhana: Heshima hairuhusu kumwambia mkubwa

Sijawahi kumshauri kijana amkabili mkwewe, wala mfanyakazi ampandishie meneja sauti. Desturi zetu zina shangazi, mjomba na mshenga kwa kazi hiyo hasa. Ninachodai ni kwamba mjumbe atumwe na ujumbe kamili, kwa sababu shangazi aliyeambiwa "kazungumze naye kidogo" atakwenda, atakunywa chai, na atarudi akisema wamezungumza.

Dhana: Ndugu hawaandikishani

Hii huvunja undugu kuliko deni lenyewe. Kijana analetwa kutoka Makete kuuza duka Mwanjelwa kwa mtoto wa baba yake mkubwa. Mwenye duka anahesabu chakula, malazi na nguo kuwa ndiyo malipo, huku kijana akihesabu miezi ya mshahara anaoamini kwamba umewekwa mahali. Mwaka wa tatu wanaitana wezi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuweka kando watoto wa baba mkubwa. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na ujira, na kuhakikisha kwamba yanafafanuliwa kwa namna anayoielewa iwapo maandishi hayaelewi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akakosa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha kilichokubaliwa huwa wake. Mwenye duka aliyedhani kwamba kutoandika kunamlinda amejifunga mwenyewe. Wanaodhani karatasi ni dalili ya kutoaminiana nimechoka kuwabembeleza: ndugu aliyeandikiwa anajua anachongoja, kwa hiyo hana cha kubuni usiku.

Dhana: Hata nikisema, atakataa

Francis Flynn na Vanessa Lake walionesha mwaka 2008, kwa majaribio kadhaa, kwamba watu wanaotakiwa kuomba msaada hukadiria utayari wa wenzao kuwa mdogo kuliko ulivyo, kwa kiwango kinachofikia nusu. Anayeomba hufikiria usumbufu anaousababisha, naye anayeombwa huona ugumu wa kusema hapana usoni pa mtu.

Yule mzee alikuwa amegharamia dawa na nauli za hospitali kwa miezi minane bila kumtajia mdogo wake hata shilingi moja, akingoja aone aibu mwenyewe. Mdogo alidhani kaka hataki mkono wa mtu, kwa kuwa kila alipopiga simu kuuliza hali ya mama alijibiwa, "Tunaendelea vizuri." Niliwakutanisha siku ya Ijumaa na kauntabuku mezani. Kaka alichukua muda mrefu kuandika kiasi alichotaka kichangwe kila tarehe 5, akalisukuma daftari upande wa pili bila kuinua macho. Mdogo alisoma, akauliza kama sifuri moja haikusahaulika, kisha akaongeza kiasi hicho kwa mkono wake.