Oksijeni si hoja: dhana potofu kuhusu misitu, na ukweli wake

"Msitu wa Amazon hutupa asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta."
Kila Amazon, msitu mkubwa wa Amerika Kusini, inapoungua, dai hili hufufuka. Ni kweli kwamba majani hutoa oksijeni mchana. Lakini miti nayo hupumua, usiku na mchana, na magogo na majani makavu yanapooza, kuvu na bakteria hutumia oksijeni kuyaozesha. Ukipiga hesabu, msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitoa. Ile iliyoko hewani, takriban asilimia 21, ni akiba ya mamilioni mengi ya miaka, na viumbe wadogo wa baharini wamechangia sehemu kubwa. Hata misitu yote ikiteketea, hatutakufa kwa kukosa pumzi. Tutaumia kwa mengine, na la kwanza ni maji.

"Msitu huota penye mvua, hauleti mvua."
Hii ni nusu ya ukweli, ndiyo maana inawanasa hata wasomi. Mizizi hunyonya maji ardhini, kisha majani huyaachia kama mvuke kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Mti mmoja mkubwa wa tropiki unaweza kutoa mamia ya lita kwa siku. Upepo hubeba mvuke huo, unageuka wingu, mvua inanyesha mbele, na miti ya huko inaanza upya. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazili, Eneas Salati, alichunguza maji ya mvua ya Amazon akaonyesha kuwa unyevu unaotoka Bahari ya Atlantiki hunyesha na kurudi angani mara kadhaa ukielekea milima ya Andes, magharibi mwa bara hilo. Kwa hiyo mkulima aliye mamia ya kilomita kutoka msituni huenda anavuna kwa mvua ya miti ambayo hajawahi kuiona.

"Penye msitu mnene pana rutuba. Fyeka, ulime."
Misitu mingi ya tropiki imesimama juu ya udongo maskini. Rutuba imo kwenye miti yenyewe: jani likianguka huoza upesi, na mizizi iliyotanda juujuu hudaka virutubisho kabla havijazama. Ukifyeka na kuchoma, majivu yatakupa mavuno ya kuridhisha misimu miwili mitatu. Kisha mvua husomba kilichobaki, na shamba huchoka.

"Tukikata, si tutapanda mingine?"
Kupanda ni kwema, ila safu za mti wa aina moja si msitu. Katika bonde la Kongo, chini ya misitu ya kinamasi, kuna matabaka ya mimea iliyoshindwa kuoza kabisa kwa sababu ya majimaji. Watafiti walikadiria mwaka 2017 kuwa yanahifadhi takriban tani bilioni 30 za kaboni, ambayo ikitoka hewani huongeza joto la dunia. Yalichukua maelfu ya miaka kujengeka. Hakuna kitalu cha miche kinachoweza kuyarudisha.

"Wanaomaliza misitu ni wakata kuni."
Kuni na mkaa huchakaza misitu, hasa jirani na miji. Lakini kwa tathmini ya mwaka 2021 ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, karibu asilimia 90 ya misitu inayotoweka duniani hupisha mashamba na malisho. Anayemlaumu mama mwenye mzigo wa kuni kichwani angeanza kuuliza nyama, soya na mafuta ya mawese vinatoka wapi.