Mtu wa Yamaha, mtu wa Suzuki: yanayosemwa ufukweni kuhusu mashine za boti, na ukweli wake

Kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kwenye mialo ya Ziwa Victoria, mwenye boti ndogo hujulikana kwa mashine aliyoifunga tezini, yaani nyuma ya boti. Huyu mtu wa Yamaha, yule wa Suzuki, yule wa Tohatsu. Mapenzi hayo yana sababu ya maana, ila sababu zinazotajwa kwenye mabishano mara nyingi sizo.

Dhana: Kila chapa ina damu yake, hazichanganyiki

Zimechanganyika zamani. Mashine za Mariner za miaka ya 1970 ziliundwa na Yamaha. Mwaka 1988 Brunswick, wenye chapa ya Mercury, waliingia ubia na Tohatsu huko Japani, na Mercury nyingi ndogo zimetoka kwenye ubia huo. Mashine za boti zilizouzwa kwa jina la Nissan nazo zilikuwa Tohatsu. Kwa hiyo wawili wanaogombana Mercury na Tohatsu ipi kali, huenda wanagombania stika.

Hata ndani ya chapa moja mambo yako hivyo. Yamaha za nguvu farasi 9.9 na 15 za kuchanganya oili na petroli (stroki mbili), zile zilizozoeleka, zote ni silinda 2 zenye cc 246. Kinachozitofautisha ni njia ya kupitisha hewa na mafuta, si bloku. Ndiyo maana mwenye 9.9 anaweza kumwazima plagi mwenye 15 na safari ikaendelea: zote zinatumia NGK B7HS-10, na hiyo 10 ya mwisho ni mwanya wa milimita 1.0.

Dhana: Yamaha imeenea kwa sababu haiharibiki

Inaharibika kama nyingine. Tofauti ni kwamba ikiharibika asubuhi, jioni inaweza kuwa imepona, kwa sababu fundi wa ufukweni ana spea kwenye boksi lake na mikono yake imeizoea.

Chukua impela, kile kipande cha mpira chenye mapezi kinachokaa ndani ya pampu ya maji, juu ya geabokisi. Kazi yake ni kuvuta maji ya kupoza mashine. Boti ikipita kwenye maji mafupi wakati wa bamvua, mchanga unaingia na kuyala mapezi. Mashine ikikaa miezi bila kuwashwa, mapezi yanajikunja na kubaki hivyo. Dalili ni kitundu cha nyuma kutema maji kwa unyonge. Zima mashine, chokoa kitundu kwa waya mwembamba, maana huenda ni chumvi tu. Ukiwasha tena na maji bado hayana nguvu, usilazimishe safari: pistoni ikipata moto inakwama kwenye silinda, na hapo bei ya impela inakuwa si kitu.

Kuibadilisha ni kufungua bolti za mguu wa chini, kuachanisha fimbo ya gea, kushusha mguu, kisha kufungua pampu. Impela mpya isukumwe huku shafti ikizungushwa kwa mwelekeo wa saa, mapezi yalale upande wake. Angalia sana kile kichuma kidogo kinachoishika impela kwenye shafti. Kikidondoka mchangani, siku imeisha.

Sasa mwenye chapa ya peke yake pale mwaloni anasubiri impela ije kwa basi. Siku tatu, wiki. Mapenzi ya chapa yanazaliwa hapo: watu wananunua mashine ambayo jirani anayo, ili boksi la jirani liwe boksi lao.

Dhana: Rangi ya kofia inaonyesha mashine ni ipi

Kofia inatoka kwa lachi tu, na rangi ya kupulizia inauzwa dukani. Ukinunua mashine iliyotumika, soma kibati kwenye mabano yanayobana tezi, ulinganishe namba na karatasi za muuzaji. Kibati kimebanduliwa? Ondoka.

Dhana: Watu wa chapa tofauti hawasaidiani

Baharini hakuna anayeuliza stika. Kinachokwamisha msaada si roho mbaya, ni konekta ya paipu ya mafuta: ya Yamaha haiingii Suzuki, ya Honda haiingii Tohatsu. Jirani anakuja na tangi limejaa na bado hamwezi kulichomeka. Dawa yake ni nyepesi: beba konekta ya akiba ya mashine yako, mita moja ya paipu, klempu mbili na bisibisi. Au mimina mafuta kutoka tangi hadi tangi, kwa faneli yenye chujio.

Kwenye kumimina ndipo watu wanaua mashine za wenzao. Mashine ya stroki nne ina oili yake kwenye sampu, bakuli la oili ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo tangi lake ni petroli tupu. Ukiipokea petroli hiyo kwa mashine ya kuchanganya na ukawasha hivyo hivyo, beringi na pistoni zinasaga kavu. Kwa kiwango cha 50 kwa 1, ambacho ndicho cha mashine nyingi za aina hiyo, weka mililita 20 kwa kila lita: lita 5 zinataka mililita 100, tangi la lita 25 linataka nusu lita. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu. Chupa ndogo ya oili ikae botini siku zote. Kinyume chake, mafuta yaliyochanganywa kuingia kwenye stroki nne, yatatoa moshi na kuchafua plagi, lakini nyumbani mtafika.

Dhana: Oili ni oili, na ikizidi ndiyo usalama

Oili ya pikipiki ina viungo vinavyoacha majivu, na mashine ya boti inayopozwa kwa maji haiyachomi vizuri, yanaganda kwenye plagi na juu ya pistoni. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya mashine za boti za kuchanganya, chapa yoyote. Kuzidisha nako kunapunguza petroli kwenye mchanganyiko, halafu kaboni inajaa.

Dhana: Kuvuta boti ni kufunga kamba tu

Kamba ifungwe kwenye jicho la chuma la omoni, yaani mbele, kwa boti inayovutwa. Ukifunga kwenye reli au ubao wa kukalia, utaburuta reli na ubao. Nailoni ni bora kwa sababu inanyumbuka. Mita 20 hadi 30 zinatosha kwa boti ndogo, na urefu urekebishwe ili boti zote mbili zipande wimbi pamoja na kushuka pamoja. Boti inayovuta itandaze kamba kwa umbo la V kutoka pembe zote mbili za tezi, isije ikavutwa upande. Fundo liwe la kufunguka likiwa limekazwa, na kisu kiwe mkononi. Kwenye boti inayovutwa, watu wakae nyuma, omo inyanyuke. Ikiyumba, shusha mguu wa mashine ukiwa huru bila gea, utakuwa kama usukani. Na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa kamba, ikikatika inarudi kama mjeledi.

Dhana: Aliyeokolewa hadaiwi kitu

Roho haina bei: Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa 1989 unasema wazi kwamba mtu aliyeokolewa halipi kwa kuokolewa. Mali ni habari nyingine, na mwokoaji wa chombo anaweza kudai malipo. Kwa boti ndogo madai hayo hayafai kufika mahakamani. Rudisha mafuta mwenzako aliyotumia, kwenda na kurudi, na kamba yake ikiwa imesuuzwa chumvi. Plagi uliyoazimwa irudi mpya, ndani ya boksi lake.