"Nikishajiamini Ndipo Nitaomba"

Dirisha la maombi ya kwenda kusoma muhula mmoja nje lilikuwa lifungwe Ijumaa saa kumi jioni. Jumatano akaingia ofisini kwangu binti wa mwaka wa pili, GPA yake 4.2, pasipoti tayari, barua za wahadhiri wawili mkononi. Fomu hakuijaza. "Madam, mwaka huu niache kwanza. Nikishajiamini ndipo nitaomba."

Huu ni mwaka wangu wa 12 nikishughulikia ushauri nasaha na wanafunzi wa kubadilishana, yaani wanaokwenda kusoma kwa muda chuo cha nchi nyingine na wanaokuja kwetu. Sentensi hiyo naisikia kila muhula, na mara nyingi inatoka kwa walewale ambao safari ingewafaa kuliko wengine wote. Nimechoka kuijibu mlangoni, mwanafunzi mmoja mmoja, huku dirisha likifungwa. Naijibu hapa.

Anayesema hivyo anadhani kujiamini ni kama nauli: unadunduliza kwanza, ikitimia unapanda basi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza imani ya mtu kwamba analiweza jambo fulani inatoka wapi. Alitaja vyanzo vinne: kulifanya mwenyewe na kufaulu, kumwona mtu wa aina yako akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna unavyousoma mwili wako, yaani ule moyo unaodunda na viganja vinavyolowa. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Kufanya kunatangulia kuamini. Anayesubiri ajiamini ndipo afanye anasubiri mavuno ya shamba ambalo hajalilima.

Ndiyo maana semina za hamasa zinaniumiza roho. Ukumbi unajaa, msemaji anapiga kelele "Unaweza!", wanafunzi wanajibu "Naweza!", na Jumatatu yule aliyeitikia kwa nguvu anamwomba CR, mwakilishi wa darasa, asimame kuwasilisha kwa niaba yake. Maneno ni chanzo kimojawapo kati ya vinne, tena ni dhaifu mbele ya tendo. Sisemi tusitiane moyo. Nasema maneno yasiyofuatwa na kazi ya mikono huyeyuka kabla ya wiki kwisha.

Angalia chuo chenyewe kinavyomjenga mtu bila kumhubiria. Kijana anafika kutoka Newala au Kasulu, hajawahi kulala nje ya kwao isipokuwa bwenini. Ndani ya muhula mmoja amefungua akaunti ya benki, amepokea boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, na kujifunza kwa maumivu kwamba pesa ya miezi miwili inaweza kuisha wiki ya tatu. Ameongoza grupu la asaimenti ambamo wawili wanafanya kazi ya watu wanane, na amelazimika kuwaambia wenzake ukweli pale kwenye vimbweta, mabenchi ya saruji ya nje. Amekwenda kwa mhadhiri kuulizia alama iliyokosewa, akarekebishiwa. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye prospektasi, lakini kila moja ni jambo alilolifanya mwenyewe na likawezekana. Mwanafunzi anayekuja chuoni, akaingia darasani, akadesa, yaani akakariri notsi za wenzake, akafaulu na kurudi chumbani kwa miaka mitatu, atatoka na cheti kizuri na hofu ileile aliyoingia nayo.

Kubadilishana ni shule hiyohiyo, ila dozi imekolezwa. Nilikuwa na kijana ambaye mwaka wa kwanza sauti yake ilipotea kabisa mbele ya darasa. Alisimama, akafungua mdomo, akakaa. Nilimsukuma aombe, na sijutii. Alikwenda muhula mmoja Finland. Novemba akaniandikia kwamba usiku fulani alishuka kituo siyo, simu imezima chaji, baridi ya kuuma masikio, hakuna mtu barabarani. Akaona basi limeegeshwa, dereva anapumzika. Akagonga kioo. Dereva akamfungulia, akamwonyesha njia kwenye ramani ya ukutani, akampa chai kutoka kwenye chupa yake. "Madam, tangu siku ile kuulizwa swali darasani hakunitishi." Kioo kimoja tu cha basi. Semina kumi za hamasa hazikuwa zimemfikisha hapo.

Niwe mkweli: utafiti unaonyesha pia kwamba waliochangamka huwa wepesi zaidi kuomba. Watafiti wa Jena, Ujerumani, Julia Zimmermann na Franz Neyer, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 1,100, waliokwenda nje na waliobaki. Waliokwenda walikuwa tofauti kiasi hata kabla ya kuondoka. Lakini waliporudi walikuwa wamebadilika kwa namna ambayo waliobaki hawakubadilika: wasiwasi ulipungua, uwazi kwa mambo mapya uliongezeka. Na kilichochangia mabadiliko hayo ni kile ninachowaambia wanafunzi wangu mpaka wananikimbia: watu wapya waliowapata huko na kuwategemea. Utafiti mwingine wa Kijerumani, wa mwaka 2015, uliowaangalia wanafunzi wa sekondari waliokwenda kubadilishana nje, ulikuta hali ya namna hiyo kuhusu kujithamini: aliyejiona amepokelewa na watu ndiye aliyekua.

Kwa hiyo theluji haimjengi mtu, wala picha za mbele ya kanisa la kale. Wazee wetu walishasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu, mimi naisoma kwa upande wa mgeni. Mgeni asiyepewa jembe hukaa kwenye kiti cha wageni, anahudumiwa, anaaga, hajawa mtu wa pale. Nimewaona wanafunzi walioishi Ulaya miezi mitano wakipika ugali na Watanzania wenzao, wakiongea na nyumbani kwa simu hadi usiku wa manane, wakarudi kama walivyoondoka. Walikaa kwenye kiti cha wageni muhula mzima.

Sharti langu kwa kila anayesafiri, na halina msamaha: kabla ya kupanda ndege andika kwenye karatasi jembe lako litakuwa lipi. Kwaya, timu ya mpira, kujitolea jikoni kwenye bweni, klabu ya kupanda milima, chochote kile ambacho watu watakutafuta siku usipokuja. Ufike huko, uwe umelishika kabla ya wiki ya tatu.

Yule binti wa Jumatano sikumhubiria. Nilimpa kalamu, nikamwambia ajaze ukurasa wa kwanza tu, palepale, kisha akale. Alhamisi aliirudisha fomu imejaa yote. Majibu bado hayajatoka.

"Kiingereza changu kibovu." Hii ni ya pili kwa kunichosha, na ina mizizi mirefu. Mtoto wa Kitanzania anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Anajifunza mapema kwamba kukosea neno ni kuchekwa, hivyo ananyamaza miaka sita. Anafika chuoni akiamini kwamba kujiamini na lafudhi ni kitu kimoja, na kwamba yule wa akademia, shule binafsi ya kufundisha kwa Kiingereza, anayeteleza kwa Kiingereza ndiye mwenye akili.

Hofu ya kusema lugha ya kigeni darasani ina maisha yake mbali na uwezo. Elaine Horwitz na wenzake waliieleza mwaka 1986: ndani yake mna woga wa kuwasiliana, woga wa mtihani, na woga wa kuhukumiwa vibaya. Nawajua wanafunzi wanaoandika insha safi kabisa lakini hawawezi kuuliza swali la maneno manane. Hao hawana tatizo la sarufi, na kozi nyingine ya sarufi haitawasaidia.

Halafu kuna jambo ambalo wanaorudi kutoka Poland, Uswidi au Finland husimulia kwa mshangao: kule karibu kila mtu darasani anazungumza Kiingereza cha kujifunza. Mhadhiri Mpoland anatafuta neno, Mhispania anachanganya wakati uliopita na uliopo, na somo linaendelea. Hakuna anayecheka. Mtanzania aliyekulia kwenye Kiswahili na pengine Kihaya au Kisukuma anagundua kwamba yeye ndiye mwenye lugha tatu mezani.

Dawa yangu ni moja, na naidai kuanzia mwaka wa kwanza. Andika swali lako usiku kabla ya semina. Liulize ndani ya robo saa ya mwanzo, kabla moyo haujaanza kukushawishi ukae kimya. Lisome kwenye karatasi ukitaka. Fanya hivyo wiki sita mfululizo. Mwili utaendelea kutetemeka wiki mbili tatu, uache utetemeke. Kutetemeka siyo ishara kwamba huwezi, ni ishara kwamba jambo ni jipya kwako.

"Kubadilishana ni kwenda Ulaya." Siyo kweli, tena ni kusahau historia yetu. Kati ya mwaka 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwanzoni aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kuvuka mpaka hakukuwa anasa, ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kusoma. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, alisomea sheria Dar es Salaam. Yoweri Museveni alitoka Uganda akaja kusoma Mlimani, hapohapo chuoni Dar es Salaam, mwaka 1967, akaongoza umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika. Kijana wa Kenya akibishana na wa Uganda na wa Tanganyika chumba kimoja, usiku kucha, alijua asubuhi kwamba hoja yake inasimama au inaanguka, na hakuhitaji ndege kulijua hilo.

Na aliyebaki nyumbani naye ana nafasi. Kila mwaka wageni wanakuja Dar es Salaam na Zanzibar kujifunza Kiswahili. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha daladala, wa kuwaeleza kwa nini huwezi kuuliza bei kabla ya salamu. Wanafunzi niliowapa kazi ya kuwa wenyeji hukua haraka ajabu, kwa sababu ghafla wao ndio wajuzi na yule wa Ulaya ndiye anayebabaika. Nenda ukajiandikishe, nafasi hazijai. Hilo linanisikitisha kila mara nikifungua orodha.

"Nimelia wiki ya tatu, maana yake nimeshindwa." Hapana, mwanangu. Upweke wa mwanzo huwapata wengi sana, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Nina wasiwasi zaidi na anayeniandikia kwamba kila kitu ni kizuri mno. Kula vizuri, lala, toka nje kukiwa na mwanga, nenda kwenye lile jembe lako hata kama hujisikii. Ila usingizi ukikatika wiki mbili, chakula kikakushinda, au mawazo ya kujidhuru yakaja, hiyo siyo hali ya kuvumilia: nenda kwa mshauri wa chuo ulipo siku hiyohiyo, na mtu wa karibu nawe ajue.

"Ni ya watoto wa wakubwa." Kwenye Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mwanafunzi wa kubadilishana halipi ada chuo kinachompokea, na hupewa posho ya kila mwezi na nauli. Wengi wa wanafunzi wangu waliokwenda ni wa mkopo. Wanaokosa ni wale ambao hawasomi mbao za matangazo.

"Nitapoteza mwaka." Utapoteza ukiondoka bila mkataba wa masomo uliosainiwa na pande tatu: wewe, idara yako na chuo kinachokupokea. Ukiwa nao, kozi zako zinahesabiwa. Ukibadilisha kozi baada ya kufika, badilisha na mkataba wiki hiyohiyo, kwa maandishi. Usiniletee ahadi ya mdomo ya mhadhiri.

Na ile ya wazazi: "Binti ataharibika huko." Nawaheshimu wazazi, nami ni mzazi. Lakini binti huyo tayari anaishi mbali nanyi, analala chumba cha watu wawili kilicho na wanne kwa kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja, na kila siku anaamua mwenyewe aende na nani na arudi saa ngapi. Kule anakokwenda atakuwa na bima, anwani inayojulikana, na mratibu ambaye jina lake na namba yake nawapa kwa maandishi. Mzazi mwenye maswali namkaribisha ofisini siku yoyote ya kazi, saa nne hadi saa saba. Aje na binti yake. Maswali ayaulize kwangu, na yale yanayomhusu binti, ayajibu binti mwenyewe.